Jiko la Viberiti Saba

Mlango wa kabati la chini ya sinki uling'oka Jumanne asubuhi ukaniangukia kwenye kidole gumba cha mguu, na hapo ndipo mwanangu alipokubali kwamba tunahitaji jiko jipya. Mimi nilikuwa nimesema miaka tisa. Mlango ulisema mara moja tu, akasikia.

"Pole, Mama," alisema, ameushika ule mlango kama mtu aliyepakatishwa mtoto asiye wake. Mbao ilikuwa imelowa mpaka ikawa laini kama mkate uliochovywa kwenye chai. "Kwani ulikuwa unatafuta nini huku?"

"Maji ya kunywa. Au na hayo nimekatazwa?"

Akauegemeza mlango ukutani, maana aliliona neno linakokwenda.

Jiko lile alilijenga marehemu mume wangu kwa mikono yake. Alikuwa mtu mrefu, na kaunta ya saruji aliipima kwa kiwiko chake mwenyewe, kana kwamba ndiye atakayepika, na mtu yule hata maji ya kuoga yalimshinda kuchemsha. Mimi nikisimama kwenye foleni watu hudhani kuna nafasi. Kaunta ikanifika kifuani. Badala ya kuibomoa, akanitengenezea kibao cha kusimamia, boksi la mbao ngumu, urefu wake dhiraa moja na nusu, kimo chake shibiri moja kasoro kidole. Nilikipanda asubuhi nikakishuka jioni, miaka thelathini na moja.

Mwaka jana nilikishuka vibaya, sufuria ya maharage mkononi. Maharage yalipona, goti halikupona. Daktari akaniambia, "Bibi, goti hili halitaki tena habari za kupanda na kushuka." Basi jiko likabaki kwa mkwe wangu, mke wa mwanangu. Yeye ni karani wa posta, anasimama dirishani kutwa nzima akigonga mihuri, halafu anarudi nyumbani kusimama tena. Ni mrefu, mwanangu humwita Mnara, na mimi nimelifuata jina hilo kwa mapenzi. Mimi nikawa wa sebuleni. Nakaa kwenye kochi, naisikia harufu ya kitunguu kinachoanza kuungua, nanyamaza, naletewa sahani. Kama umelisha nyumba miaka yote hiyo, kuletewa sahani kila siku ni kama kuambiwa ahsante na kwaheri kwa pamoja.

Kwa hiyo siku ile ya mlango, mwanangu aliponiuliza, "Mama, hilo jiko jipya unalitaka liweje?" nilimjibu neno moja tu. Nataka kupika nyayo zangu zote mbili zikiwa sakafuni. Mengine waamue wao.

Jumamosi tukaenda kwenye duka la majiko ya kisasa. Nisiseme uongo, nilipaonea raha. Droo unaisukuma kwa kidole kimoja, inajifunga yenyewe taratibu kama mtu anayetoka kwenye chumba cha mgonjwa. Muuzaji alikuwa na tai na kikokotoo. Alipiga hesabu ya ukuta mmoja tu, akamgeuzia mwanangu kikokotoo aone. Mwanangu anaendesha lori la mikate, ni mtu wa kuamka alfajiri, hashtuki ovyo. Lakini pale alikohoa.

"Hiyo ni pamoja na nyumba?" aliuliza.

"Hapana, mzee, ni makabati tu."

"Basi tutarudi."

Nje Mnara akacheka mpaka akashika ukuta. "Tutarudi! Mwenzangu, utarudi na nini, na mikate?"

Usiku huo nilichukua daftari la hesabu, lile la miraba, nikachora jiko letu, kila mraba shibiri moja. Dirisha hapa, mlango hapa, bomba pale. Kisha nikakusanya viberiti vitupu, kila kiberiti kabati moja, tukawa tunavisogeza mezani kama watu wanaocheza bao. Pesa tuliyokuwa nayo ilitosha viberiti saba, vinne vya chini na vitatu vya ukutani. Mnara alikuwa na kiberiti cha nane mkononi, anakizungusha.

"Hicho ni cha nini?" nikamuuliza.

"Oveni. Lakini tukiweka oveni, makabati yako yatakuwa ya milango, na kwa milango utainama. Tukiacha oveni, tunapata droo za reli." Akakitia kile kiberiti kwenye mkoba wake. "Oveni kitu gani? Keki zinanenepesha."

Nilijua kwamba kwenye mkoba huohuo alikuwa na picha ya oveni aliyoikata gazetini, imekunjwa mpaka imepauka kwenye mikunjo. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo kwa mkwe huyu, nikamwongezea chai.

Fundi tuliyempata alikuwa seremala wa mtaa wa pili, mtu mpole. Wote humwita Fundi Penseli kwa sababu ana penseli sikio hili na nyingine sikio lile, na bado huuliza, "Jamani, nani ameona penseli yangu?" Yeye alijua karakana moja inayouza mabaki kwa bei ya kutupa. Huko alipata maboksi ya makabati yaliyokwisha kuundwa, yote kimo kimoja, mwenye kuyaagiza alihama asirudi. Na bao la juu la kaunta akatupatia vipande viwili, kimoja cha kijivu, kimoja cha rangi ya chai ya rangi.

"Havilingani," mwanangu akasema.

"Havilingani," fundi akakubali. "Lakini nikivilaza pamoja, kiungo chake hutaona ukiwa mbali."

"Mbali wapi?"

"Nje ya nyumba."

Nikasema sawa, suruali yenye kiraka inasitiri kama suruali nyingine. Tukachukua.

Siku ya kupima, mwanangu na Mnara walikuwa kazini. Fundi akaja na tepu yake ya kupimia, akapima kuta, akaandika. Kisha akaniambia, "Mama, nimeambiwa kimo cha kaunta nikipime kwako. Simama pale kama unavyokata vitunguu, ukunje kiwiko."

Nami nilikuwa katikati ya kumtegea kitendawili. Nikamwambia, "Subiri ujibu kwanza. Kila akila anatapika, na hashibi." Yeye anafikiri, mimi nasimama pale, nakunja kiwiko, yeye anavuta tepu kutoka kiwikoni hadi chini, anasoma, anakuna kichwa kwa penseli.

"Randa!" akasema. "Kila ikila inatapika maranda. Mama, kwa seremala hicho ni cha bure." Kisha akatazama ile kaunta ya zamani. "Lakini mbona kimo hiki ni karibu sawa na cha hii ya saruji?"

"Andika, baba," nikamwambia. "Mpishi ni wewe au mimi?"

Akaandika.

Walipoanza kubomoa, mwanangu alinipeleka kwa dada yangu kwa sababu ya vumbi. Nikakaa siku tano. Dada yangu alichoka kusikia habari za droo. Siku ya sita mwanangu alikuja kunichukua na lori, nikapanda mbele, harufu ya mikate mpaka nyumbani.

Mnara alikuwa mlangoni kunisubiri. Akanifumba macho kwa viganja, akaniongoza hatua kwa hatua, akaniachia. Nikafumbua.

Kulikuwa na mwanga! Saruji nyeusi imeondoka. Makabati meupe, droo tatu tatu, mishikio inang'aa. Kijivu upande wa sinki, rangi ya chai upande wa dirishani, na kiungo chake wala sikukiona, kwa sababu machozi yalinitoka kwanza. Nikavuta droo, ikaja. Nikaisukuma, ikajifunga taratibu, vilevile kama ya dukani.

"Mama," Mnara akasema, na sauti yake haikuwa ya mzaha. "Nimekuwa nikikungoja nikwambie. Mimi nilikuwa nimejiandaa kuinama. Nilisema, jiko ni la Mama, mgongo wangu utazoea. Halafu nilirudi kutoka kazini nikasimama hapa, nikakuta kaunta imenifika mahali pake. Nikamuuliza Fundi Penseli, akasema, Mama ndiye aliyesimama, Mama ndiye aliyesema andika. Nikajua umenipimia mimi." Akanikumbatia, kidevu chake juu ya utosi wangu. "Mama yangu mzazi angefanya hivyo, sijui. Ahsante."

Nilikuwa nimebanwa kifuani kwake, sioni kitu. Nikasema, "Haya, mwanangu, haya." Maneno hayo ndiyo yaliyoniponza.

Alipotoka kwenda kuanua nguo mbele ya nyumba, nikaisogelea kaunta. Viwiko vikapanda juu kama mabawa ya kuku anayetaka kuruka. Nikashangaa. Fundi alinipima mwenyewe, kwa tepu! Nikatoka uani kupunga upepo, na hapo, karibu na pipa la maji, nikakiona kibao changu, kimekaa kwenye vumbi la saruji, kinanitazama.

Miguu yangu ikakumbuka kabla ya kichwa. Siku ile ya kupimwa, kibao kilikuwa pale pale mbele ya kaunta, maana nilikataa kisitupwe, na Mnara alizoea kukisogeza kwa mguu. Fundi aliniambia nisimame kama ninavyokata vitunguu. Na mimi, miaka thelathini na moja, vitunguu nimekata nikiwa juu ya kibao. Nilipanda bila kujua nimepanda. Goti lenyewe halikusema kitu siku hiyo, msaliti mkubwa. Gauni langu refu likafunika, na fundi wa watu alikuwa anatazama kiwiko na kutafuta randa.

Nikakipima kwa mkono. Shibiri moja kasoro kidole. Nikarudi ndani nikapima kaunta ilivyonizidi. Shibiri moja kasoro kidole.

Basi ningemwambia wakati uleule tungecheka yakaisha. Lakini shukrani ya Mnara ilikuwa imekwisha kunikaa shingoni kama mkufu wa kuazima. Huyu mtoto ameacha oveni yake kwa ajili ya goti langu. Nimwambie kwamba ile zawadi aliyolilia ilikuwa upumbavu wa bibi kizee na vitendawili vyake? Nikasema moyoni, mwache afurahi, umelipa deni. Nikarudi kwenye kochi langu.

Siku kumi nilikaa. Mnara akipika, ananiita, "Mama, njoo uonje chumvi." Naonja, nasema iko sawa. Mwanangu ananiuliza, "Mbona hupiki, Mama? Jiko si ndilo hili?" Nasema goti. Na kila Mnara akija na mgeni kutoka posta, anamwonyesha jiko na kusema, "Hili kimo chake mama mkwe wangu alinipimia mimi. Niambie nani mwingine ana mkwe kama huyu." Mgeni ananitazama kwa heshima. Nami natazama zulia. Ukinisifu kwa mchuzi wangu nitasimama nikuongezee. Lakini kusifiwa kwa mchuzi wa jirani! Usingizi ukaanza kunikimbia.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Jioni ya siku ya kumi na moja, tukiwa mezani, nikaweka kijiko chini.

"Kitendawili."

"Tega!" wakaitika wote wawili kwa mdomo uliojaa wali.

"Nina punda wangu, nimempanda miaka thelathini na moja, hajanifikisha popote."

"Kitanda," mwanangu akasema.

"Kitanda kinakufikisha asubuhi. Bado."

"Kochi," akasema Mnara.

"Kochi hulipandi, unalikalia. Bado."

"Huyu mume wangu," akasema Mnara, "lakini miaka haitimii." Mwanangu akamtupia kipande cha ndimu. Wakajaribu mzani, wakajaribu lori, wakashindwa.

"Haya tumekubali," Mnara akasema. "Tukupe mji, Mama. Chukua mji wetu wa posta, wenye mihuri yake yote."

Na kama ilivyo desturi ya mchezo, nikaupokea. Nikasema, "Nikaenda, nikaenda, nikafika mji wa posta. Nikakuta watu wamejipanga foleni wananishukuru kwa kifurushi. Kila mmoja ahsante, ahsante. Nikakitazama kifurushi, mimi sikukituma. Nikaona haya kula chakula cha mji ule, nimeurudisha. Punda wangu ni kile kibao kilichoko uani. Fundi alinipima nikiwa juu yake."

Bomba lilidondosha tone moja kwenye sinki jipya.

Mwanangu ndiye aliyeanza kucheka, akajaribu kuzuia kwa leso, ikashindikana. Lakini mimi nilikuwa namtazama Mnara. Uso wake ulitulia.

"Kwa hiyo hukunipimia mimi," akasema.

"Sikukupimia, mwanangu. Ningependa iwe hivyo, lakini sikukupimia. Nilikuwa natega kitendawili cha randa."

Akasogeza sahani. Nikajua nimemvunja moyo, nikaanza kutafuta maneno. Yeye akayapata kabla yangu.

"Mama, unajua siku hizi kumi nilikuwa nawaza nini? Naonja mchuzi wangu, naujua haufikii wako. Nakuita, unasema uko sawa. Nikasema, basi amenipa jiko ili asiingie tena. Nimemnyang'anya mwenye nyumba jiko lake na bado nampeleka mgeni akalione!" Sauti ikakatika, na mara nikasikia naye anacheka, machozi yanashuka. "Kumbe ulikuwa juu ya boksi!"

"Juu ya boksi, mama."

"Na chumvi ilikuwa sawa?"

"Jumatatu ilizidi. Jumatano hukutia kabisa."

Kesho yake fundi akaitwa. Alisimama mbele ya kaunta, akanitazama, akakitazama kibao, akatoa penseli zote mbili masikioni kama mtu anayevua kofia msibani.

"Mama, mimi niliona kiwiko tu. Nisamehe."

"Ulishauliza, baba, na mimi nikakufokea. Tusameheane. Linarekebishika?"

Akapiga magoti, akagonga chini ya kabati la dirishani kwa vidole, akasikiliza kama daktari. Akaanza kutabasamu. "Haya maboksi ni mafupi. Kimo cha juu nilikipata kwa kuyaweka juu ya kitako, huu msingi wa mbao hapa chini. Nikikitoa, kabati linashuka."

"Linashuka kiasi gani?"

Akapima. "Kama kimo cha hicho kibao."

"Na bao la juu?" mwanangu akauliza. "Si utalikata?"

"Nilikate la nini? Vimekuja vipande viwili."

Tukatazamana. Kile kiungo tulichokionea haya, kiraka cha suruali, ndicho kilichotuokoa. Kama tungekuwa na pesa ya bao zima la dukani, pangekuwa na kilio pale. Fundi akatoa kitako chini ya makabati mawili ya dirishani, akayashusha mpaka sakafuni, akalaza juu yake kipande cha rangi ya chai. Jiko la gesi la mafiga mawili akalihamishia huko. Kijivu na sinki vikabaki juu, kwa Mnara. Kaunta ikawa kama ngazi ya daraja moja.

Likabaki pengo la ubavuni, pale kaunta ya juu inapoishia na ya chini inapoanza, mbao mbichi inaonekana. Fundi akauliza kama tuna kipande chochote. Nami nikaenda uani mwenyewe nikakileta kibao.

"Una hakika, Mama?" mwanangu akaniuliza polepole. "Ni cha Baba."

"Baba yako alikitengeneza nifikie jikoni. Basi na kifike."

Fundi akakifumua misumari kwa upole. Ubavu wake mrefu akauweka kwenye pengo. Kimo kilikaa bila kukatwa hata unywele. Urefu tu aliupunguza vidole vitatu. Akaupiga msasa, akaupaka mafuta, mbao ya mume wangu ikatoka nyekundu kama siku aliyoileta.

Jioni ile nilivua ndara zangu. Nikasimama dirishani, nyayo zote mbili sakafuni, nikasikia ubaridi wa vigae unapanda mpaka kwenye lile goti bovu, nalo likanyamaza. Nikakata vitunguu. Nikabandika maharage. Hakuna aliyeniletea sahani. Mimi ndiye niliyepakua, nikawapelekea, na mwanangu alipotia tonge la kwanza mdomoni alifumba macho.

Baada ya chakula nikachukua kile kiberiti cha nane kutoka kwenye mkoba wa Mnara, yeye akiniona, nikakiweka kwenye ukingo wa dirisha. Nikamwambia kitakaa hapo mpaka kigeuke oveni. Akanibusu utosi.

"Na vyombo, Mama?" akauliza.

Vyombo vilikuwa vimejaa, sufuria imeshika chini kidogo. Nikalitazama sinki kule juu, kwenye kijivu, kwenye nchi ya watu warefu.

"Ningependa sana kusaidia," nikamwambia, "lakini silifikii."